Maji ya Buluu ya Tonton Télesphore

"Citoyens na citoyennes wa parcelle hii! Leo, hapa Muhumba, sayansi ya Zaïre imeshinda sukari ya damu pamoja na mafuta yake!"

Honoré alilitoa tangazo hilo uani kwa tonton yake, akiwa amesimama juu ya kiti, mbele ya watu wawili na kuku mmoja. Kuku alikuwa wa kwanza kuondoka.

Mkononi alishika chupa ya unga wa kahawia. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari, tawi la bio-chimie, amerudi kutoka internat, bweni la shule, kwa likizo kubwa, na alikwisha kujiona profesa. Mjomba wake, Tonton Télesphore, ambaye ofisini aliitwa citoyen Bulonza tangu majina ya ubatizo yapigwe marufuku, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na docteur alimkuta pia na mafuta mengi katika damu. Vidonge vya hospitali alivimeza kwa uvivu. Lakini mafuta ya samaki, unga wa vitunguu saumu, chochote kilichokuja na etiketi ya Kizungu, alikipokea kama komunyo. Honoré alitaka kumcheka kidogo tu: akakaanga unga wa mahindi, akautia chupani, akabandika etiketi ya Kifaransa kirefu.

"Vijiko vitatu asubui, vitatu mangaribi," aliagiza kwa uso wa padri.

"Na utanipimaka?"

"Kila samedi, Tonton."

Sayansi ina taratibu zake. Kila Jumamosi Tonton alileta mkojo ndani ya kopo, naye Honoré alitia matone manane kwenye maji ya buluu aliyotoa maabara ya shule, akachemsha juu ya mbabula, jiko dogo la makaa. Yakibaki buluu, hakuna sukari. Yakigeuka rangi ya tofali, sukari ni tele. Jumamosi ya kwanza yaligeuka tofali. Honoré, kwa heshima ya ugunduzi wake, aliyamwaga nyuma ya jiko, akachemsha mkojo wake mwenyewe. Buluu safi! Kuhusu mafuta, ambayo hayapimwi juu ya mbabula, aliyatangaza tu kuwa yameyeyuka.

Jumamosi ya tatu Tonton alifungia vidonge vya hospitali kabatini. Honoré aliona. Alijua pia, maana alikwisha kulisoma darasani, kwamba unga wa mahindi ukifika tumboni hugeuka sukari. Akajiambia atasema kesho. Kesho hiyo ilikuwa na mechi ya mpira.

Tonton akaanza kunywa maji kama lori bovu. Suruali ikawa inamwanguka.

"Dawa iko inatumika," alisema akikaza mukaba. "Mafuta inatoka!"

Jumamosi ya nne mkewe, Maman Adélaïde, aliita kutoka nyuma ya nyumba, penye ukuta ambapo Tonton alizoea kukojoa.

"Profesa, kuja hapa. Ona hizi sisimizi. Zinapanga mustari mupaka kwa mukojo ya tonton wako. Juu ya nini?"

"Labda zinatafuta chumvi, Maman."

"Chumvi! Na kule kwa mupera, kwenye weye unakojoleaka, mbona hakuna hata moja?"

Tonton alikuwa ameketi kwenye ngazi, anahema, macho yamezama. "Honoré, si iko buluu?"

Maman Adélaïde aliweka kopo la mumewe kando ya mbabula. "Pima. Mi naangalia."

Maji yakachemka. Kijani. Njano. Tofali.

Honoré alichuchumaa mbele ya ngazi.

"Tonton, ile buluu ilikuwa mukojo yangu. Tangu mwanzo. Na dawa ni unga ya mahindi, nilikaanga mi mwenyewe. Fungua kabati, umeze vidonge yako. Tafazali."

"Vaa viatu," Maman Adélaïde alisema, tayari amemshika mumewe mkono. "Utairudilia mbele ya docteur. Na usimame juu ya kiti."