Gauni Lisilobana

Mizigo ilikuwa imeshaingia kwenye buti na dereva ameshawasha gari, ndipo Bibi Sindano alipokumbuka chupa ya maji. Akarudi ndani kwa mwendo wake wa magoti mabovu, akaijaza, akatoka ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kuku. Mjukuu wake alikuwa ameketi kiti cha nyuma, mlango wazi, miguu ikining'inia nje. Mama wa mtoto alikuwa mbele karibu na dereva, anatazama kioo wala haoni kilichomo.

"Maji tu?" mtoto akauliza.

"Maji tu, mke mwenza."

Mtoto akaipokea chupa, akaitikisa kidogo sikioni kana kwamba huenda kuna kitu kingine humo. Kisha akaiweka mapajani. Alikuwa na miaka tisa na mtaa mzima ulimwita Kibonge. Nyumbani tu ndiko alikoitwa mke mwenza, kwa utani ule wa bibi na mjukuu, maana wote wawili walidai mume wao ni marehemu babu.

Sasa mke mwenza alikuwa anaondoka, na aliyesababisha aondoke ni bibi mwenyewe, kwa mikono yake miwili.

Mikono hiyo ilikuwa ya fundi. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa kazini kwake: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, kioo kirefu kilichopasuka kona, na kamba iliyojaa sare za shule. Nusu ya watoto wa mtaa walivaa nguo zilizotoka hapo. Wazazi walimpendea akiba yake. Mafundi wengine hubania kitambaa, lakini yeye, kila alipounga gauni ubavuni, aliacha kwa ndani upana wa vidole vitatu, ukakunjwa, ukalala kimya. Mtoto akiongezeka, gauni linarudi, linafumuliwa, linashonwa tena nje kidogo, maisha yanaendelea. Na hakuwa mtu wa kupima kwa futi. Alimtazama mtoto mlangoni mara moja, akakata.

Mjukuu aliletwa kwake bado mdogo, shingo kama ya kifaranga. Baba yake alikuwa ameingia mitini tangu mimba, na mama yake, mtoto pekee wa Bibi Sindano aliyebaki, alipata kazi ya kufua katika hoteli kubwa ya mji wa mbali. Kazi ya zamu, analala chumba kimoja na wafuaji wenzake, hapana pa kuweka mtoto. Siku aliyomleta walishona pamoja gauni la kwanza la shule, kisha mama akajikaza kisabuni, akaondoka.

Bibi akabaki na mtoto, na akamlisha.

Alikuwa na sababu yake, ambayo hakuwahi kuisema. Kabla ya huyu binti alizaa mtoto wa kiume, na mtoto huyo alimfia mwaka ambao mvua ziligoma na ghala zikafagiliwa hadi vumbi. Watu hudhani mtoto mwenye njaa hufa analia. Wa kwake alilia wiki nyingi, halafu siku moja akageukia ukuta, akanyamaza. Kilichomkaa Bibi Sindano moyoni ni ule unyamavu. Tangu hapo, mtoto aliyesema "naomba uniongeze" alikuwa anampa habari njema.

Kwa hiyo chai ilijaa sukari mpaka kijiko kinasimama, na skonzi zilikuwa asubuhi na jioni. Viazi vilikaangwa vikaogelea, na mtoto alipakuliwa kwenye sahani pana ya marehemu babu, akaambiwa amalize. Ng'ambo ya njia palikuwa na duka la mzee aliyeitwa Babu Peremende, kwa kuwa alipokosa chenji aliwapa watoto peremende, na alikuwa anakosa chenji kila siku. Mtaa ukacheka, ukamwita mtoto Kibonge, kwanza kwa mapenzi, baadaye kwa namna nyingine. Kamba ya kuruka ikawa nzito kwake. Akaacha kutoka nje, akawa anashinda chini ya meza ya kukatia na pakiti ya biskuti, anaokota pini.

Mama alipiga simu kila Jumapili. Alikuwa hamwoni mtoto, basi akatafuta kipimo chake. Aliuliza kama lile gauni walilolishona pamoja bado linamtosha mtoto.

"Linamtosha kabisa," bibi alijibu.

Wala hakudanganya. Gauni lilikuwa limetoka kwenye sindano juzi tu. Kila lilipoanza kukaza kwapani, alisubiri mtoto alale mchana, akalifumua, akalitanua, akapiga pasi. Akiba ilipokwisha akatia kipande ubavuni. Kipande kiliposhindwa akatia mpira mgongoni. Ndivyo alivyowafanyia watoto wa watu wote, na mikono ilifanya kazi bila kukiuliza kichwa. Mtoto mwenyewe hakupata kujua kwamba nguo inaweza kumbana.

Kuna jambo moja lilimkera bibi: shingo ya mtoto, kwa nyuma, ilikuwa inaingia weusi wa mikunjo, kama uchafu uliogandamana. Akamsugua kwa dodoki. Akamgombeza kwamba msichana mzima hajui kuoga. Akamsugua tena mpaka mtoto akalia, na weusi ukabaki pale pale.

Mama akaja likizo. Alimkumbatia mwanawe mlangoni, mikono haikukutana nyuma ya mgongo. Kesho yake akachukua nguo chafu akakaa uani kufua, na kwa mazoea ya kazi akaligeuza gauni ndani nje kabla ya kulitia majini. Akasimama nalo. Kwa ndani, ubavu wote ulikuwa na mistari ya matundu ya sindano, mmoja kando ya mwingine, kama alama za maji zinazobaki ukutani mafuriko yakipungua.

Alimfuata mama yake kwenye cherehani.

"Mama, hili umelifumua mara ngapi?"

"Mtoto anakua, mwanangu."

"Anakua kwenda wapi? Upindo wa chini hujaugusa ila mara moja."

Bibi Sindano akatazama upindo. Kweli, hakuwa ameugusa zaidi ya mara moja. Mguu wake ukaacha kukanyaga.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mteja wake, mwanamke mpole asiyependa makuu. Alimpima mtoto uzito, akamtoboa kidole, akaiinamisha ile shingo akaitazama. Akasema huu si uchafu, hata ausugue mpaka ngozi itoke. Ni mwili unahangaika na sukari. Ugonjwa wenyewe haujaingia ndani, bado uko kizingitini, na unaweza kurudishwa. Akaeleza taratibu: soda na peremende zikome, maji yachukue nafasi yake, sahani iwe ndogo, nusu yake mboga, matunda badala ya biskuti, mtoto acheze mpaka atoke jasho, na nyumba nzima ile chakula kile kile asijione anaadhibiwa. Asitukanwe, asilazwe njaa.

Bibi hakuyasikia hayo ya mwisho. Njia nzima aliwaza tu kwamba sasa ataanza kumnyima mtoto chakula.

Mama alitaka kumchukua siku ile ile, japo hakuwa na pa kumweka. Bibi Sindano, ambaye hakuwahi kumwomba binti yake kitu, akamwomba.

"Niachie mpaka muhula uishe. Nikishindwa, mchukue."

Alijaribu, lazima isemwe. Sahani ya babu aliipandisha juu ya kabati. Akapika maharage na mboga za majani, akanunua machungwa, akala naye sahani sawa. Nguo zilizokwisha kushonwa, ambazo zamani wateja walizifuata wenyewe, sasa walizipeleka wao kwa miguu, mtoto amebeba mafurushi, bibi nyuma na magoti yake. Mtoto alilalamika kwamba mume wao angekuwa hai angempa talaka bibi kwa kumnyima sukari. Bibi alijibu kwamba angemwacha mwenye mdomo kwanza. Walikwenda kwa Babu Peremende wakamwambia kuanzia leo atafute chenji, mzee akanuna, akasema wanamharibia jina alilolipata kwa jasho.

Na jioni moja, baada ya wiki kadhaa, gauni lilimpwaya mtoto kiunoni. Bibi Sindano aliushona ubavu ndani kidogo, upana wa punje ya mchele. Ilikuwa mara ya kwanza sindano kwenda upande huo. Alicheka peke yake chumbani kama mwehu.

Halafu ikaja homa. Homa ya kawaida, imepita kwa kila mtoto wa mtaa, lakini ilimlaza mjukuu siku kadhaa hakutia kitu mdomoni. Dawa ikaishusha. Mwili ukapoa, hamu ya kula haikurudi, na mchana mmoja bibi alitoka kwenye cherehani akamkuta mtoto amegeukia ukuta. Akamwita. Mtoto hakuitika. Alikuwa macho, anaangalia chokaa ya ukuta, kimya.

Bibi Sindano alivuka njia bila ndara miguuni. Alirudi na soda na skonzi mbili. Mtoto akanusa, akageuka, akala, akatabasamu, na rangi ikamrudi usoni. Bibi akakaa sakafuni.

Alijiambia ni kwa ajili ya homa tu. Kesho yake akajiambia ni kidogo tu. Baadaye hakujiambia kitu. Gauni likakaza, akalifumua pale alipolipunguza, na Jumapili binti yake alipouliza, akajibu lile jibu lake. Mtoto naye, kwa kumpenda bibi yake, alijifunza kufuta makombo mdomoni kabla ya kufika kwa muuguzi.

Mizani haikufundishwa kuficha. Muhula ulipokwisha, mama alikuja, wakaenda zahanati wote watatu, wakarudi wakijua uzito umepanda tena. Mtoto akatumwa uani. Mama akasimama kwenye mlango wa chumba cha kazi.

"Nilikuuliza kila Jumapili, mama."

"Alininyamazia," Bibi Sindano alisema. "Aligeukia ukuta akanyamaza. Kama kaka yako."

Binti alijua tu kwamba aliwahi kuwa na kaka. Hakuna aliyemweleza zaidi. Basi mama yake akamweleza sasa, kwa maneno machache, huku akikunja na kukunjua utepe wa futi: mvua, ghala, kilio, ukuta. Alipomaliza, binti alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, machozi yanamchirizika, hayafuti. Bibi akadhani labda amesamehewa, na huenda alikuwa amesamehewa.

"Yule alikuwa na njaa, mama," binti alisema. "Huyu alikuwa na homa. Nimepata chumba. Namchukua."

"Chukua," bibi akasema. Alikuwa ametoa ahadi.

Saa zilizobaki siku ile alishona gauni jipya. Alimwita mtoto, akamsimamisha mbele ya kioo kilichopasuka kona, na kwa mara ya kwanza akampima kwa futi: mabega, kifua, kiuno, urefu. Alichokisoma hakukisema. Alikata. Mkono ulipofika ubavuni ulitaka kwenda nje vidole vitatu kama ulivyozoea, ikabidi aushike kwa mkono mwingine. Ubavuni hakuacha kitu. Chini aliacha upindo mrefu, mrefu kuliko aliowahi kumwachia mtoto yeyote, wa kutosha msichana kurefuka kwa miaka.

Ndilo alilolivaa mtoto sasa, ndani ya gari, na chupa ya maji mapajani.

"Bibi, mbona hili linanigusa huku?" Akashika ubavu.

"Liache likuguse. Likianza kukubana, mwambie mama. Usimwambie fundi."

Mtoto akaingiza miguu. Bibi akafunga mlango, haukushika vizuri, akaufungua akaufunga tena. Gari likaondoka. Ng'ambo ya njia Babu Peremende alinyanyua mkono, akakuta hana cha kumrushia mtoto ila peremende, akaushusha.

Chumba cha mama kilikuwa kidogo na jiko lilikuwa mlangoni. Mtoto alimchukia mama yake karibu mwaka mzima kwa ajili ya maji na mboga, akawa anaenda shule kwa miguu kwa sababu nauli haikuwepo. Sukari ilishuka. Weusi wa shingoni ulififia pole pole. Hakuwa mwembamba, wala hakuna aliyetaka awe. Upindo ulishushwa mara tatu.

Muuguzi alihamishiwa zahanati nyingine. Babu Peremende alikatwa kidole cha mguu, kisha mguu, kwa sukari hiyo hiyo. Duka analiendesha mkwewe, na chenji bado haipatikani.

Bibi Sindano aliendelea kushona. Alianza kupima kila mtoto kwa futi na kuwaambia wazazi alichokiona, na baadhi yao wakahamia kwa mafundi wengine. Alikula kwenye sahani ndogo. Sahani ya babu haikushushwa kabatini. Alifariki wakati wa baridi, kwa moyo, ameketi kazini. Mjukuu alikuja mazikoni, ameshampita mama yake kwa urefu.

Cherehani ilichukuliwa na binti. Gauni la zamani lilikutwa ndani ya droo yake, limekatwa vipande vya kufutia mafuta ya mashine.