Sentensi ya Nne

Tangazo lilikuwa na sentensi tano, na ya nne ndiyo iliyoleta maneno: "Mwenye akaunti anaweza kusikiliza yote yaliyorekodiwa, hata usipoiita spika." Kila aliyeletwa ofisini kuijaribu hiyo spika inayotii sauti alitulia mpaka hapo, kisha akaanza kuuliza. Yote? Hata ya jikoni?

"Watu wakiuliza, ujue tumeshindwa," mkuu alimwambia mwandishi wa matangazo. "Iondoe. Itie kwenye yale maandishi marefu ya kwenye simu."

"Huko nani atasoma, bosi?"

"Ndiyo maana!" Akacheka peke yake.

Mwandishi hakucheka, lakini aliifuta. Mkono uliofuta ulikuwa wake. Hilo hakuweza kumsingizia mtu.

Miezi mitatu baadaye, saa nne asubuhi, mdogo wake alimpigia simu.

"Dada, nimekata shauri. Nimeshafungasha. Kesho shemeji yako akienda kazini naondoka na mtoto. Safari hii kanivunja kidole."

"Njoo kwangu. Nani anajua?"

"Mama tu. Tuliongea juzi, hapahapa jikoni. Ngoja kwanza." Sauti yake ikasogea mbali na simu. "Spika, washa muziki! Majirani hawa wana masikio kama sungura."

Muziki ukaanza.

"Hiyo spika kaileta nani?"

"Shemeji yako, nani mwingine? Zawadi ya kuniomba radhi. Mwenyewe nilisita, ila liliposomwa lile tangazo nikajua ni maneno ya dada yangu. Nikakubali."

"Mchukue mtoto, toka sasa hivi. Mizigo iache."

"Kulikoni?"

"Uliyomwambia mama, mumeo anayo kwenye simu yake. Nilijua inaweza hivyo. Nikalifuta onyo."

"Ulijua, dada?"

Hakungoja jibu. Mwandishi alisikia kiti kikisukumwa, mtoto akiitwa, kisha kitasa kikizungushwa mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa nguvu.

"Leo amefunga kwa nje."

"Nenda dirishani, piga kelele!" Mwandishi alikuwa ameshafika kwenye ngazi, anashuka mbili mbili, simu sikioni. "Waite hao hao majirani!"

Mdogo wake alijaribu. Lakini kwa miaka sita alikuwa amejizoeza kulia bila sauti, na kilichotoka kilikuwa kama kikohozi. Uani kwake, gari la mumewe likazimwa.