Taji, Herufi Mbili na Mwaka

Baba yangu, Khelef, ni mkweli isipokuwa kwa jambo moja, na jambo lenyewe limetundikwa ukutani kwetu Nizwa. Ni bunduki ya kale ya Kiingereza, mtutu wake umevishwa pete za fedha. Husema ni ya babu yake, aliyewaachia jamaa alipohamia Unguja mwaka 1890. Kweli ni kwamba aliinunua soko la Ijumaa alipohamia Oman kutoka Unguja, maana harusini wenzake wakicheza na bunduki zao, yeye alikuwa akipiga makofi tu.

Sikuwa na neno na siri hiyo, mpaka Bassam alipomleta baba yake kuniposa. Baba huyo, Mzee Azzan wa Ibra, anazijua alama za bunduki za kale kuliko anavyowajua wajukuu zake. Tena hapendi uongo: mchumba wa kwanza wa binti yake Rawya alidanganya kuhusu kazi yake, posa ikavunjwa siku hiyohiyo. Nami nilikuwa nampenda Bassam hata nikimimina kahawa inafurika.

"Shikamoo, ammi."

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikuwa ukutani. Kabla halwa haijaguswa, baba alikwisha kumsimulia habari za babu yake, na bunduki ilikwisha kuwa mapajani mwa mgeni. "Miwani nimeisahau nyumbani. Hebu nisomee hapa shingoni, chuma kinapokutana na kitako."

Nikainama. Taji. Chini yake G na R. Chini yake 1918, wazi kama namba ya gari. Baba aliikodolea macho halwa kana kwamba hajapata kuiona.

"Taji," nikasema. "G, R. Elfu moja mia nane thamanini na nane."

"Mwaka huo alikuwapo malkia," akasema taratibu. "Huyu G ni mfalme Joji, na hakukalia kiti mpaka 1910. Una hakika?"

Kicheko kilinipanda kooni, kile kibaya kinachokuja msibani. Nikauma mdomo. Bassam naye alikuwa akitetemeka mabega, mpumbavu, wakati maisha yetu yanazama.

"Usimsumbue mtoto," baba akasema. "Ni 1918. Niliinunua sokoni, wallahi. Nilikuja mgeni katika nchi ya babu zangu, nikaona haya kwenda harusini mikono mitupu. Kadanganya kunisitiri mimi. Mwongo ni mimi."

"1918?" Sauti ya Mzee Azzan ilikwaruza. "Isukume hiyo pete ya mwisho. Kwenye mbao chini yake pana nini?"

Nikaisukuma. Palikuwa na herufi ya Kiarabu, ain, imechorwa kwa msumari, imekwenda upande.

"Ain ya Azzan. Niliichora nina miaka tisa, baba akanichapa mpaka nikakoma. Bunduki ilikuwa yake. Ndugu yangu akaiuza bila kuniuliza. Miaka hamsini kila harusi nasoma shingo za bunduki za watu, naitafuta hii." Aliikumbatia, analia na kucheka pamoja.

"Basi ni yako," baba akasema. "Ichukue."

"Ibaki hapo hapo ukutani. Watoto wa hawa wawili watasema ni ya babu yao, na hapana atakayewaita waongo."

"Watoto?" nikapaza sauti, adabu imenitoka kabisa. "Kwani nimeshakubaliwa?"

Mzee Azzan akafuta macho kwa ncha ya kilemba, akamgeukia mwanawe.

"Anayedanganya vibaya namna hii," akasema, "muoe upesi."