Kigari cha Nyamusi na Lami ya Mlimani

Jumamosi moja ya Mei, mwaka 1996, Drusilla aliingia kwenye duka la Subhash mjini Kisii akiwa na kadi ya kliniki mkononi. Kadi ilisema mtoto wake ana kilo kumi na moja na nusu. Mtoto mwenyewe, Nyamusi, alikuwa nje kwenye benchi na babake, mwalimu Obadiah, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa umepooza tangu utotoni na hakupenda kuusimamia bila sababu.

"Nataka kigari cha kupanda mlima," Drusilla alisema. "Si cha kuzungusha mtoto sebuleni."

Subhash aliuza baiskeli na vipuri. Mkewe, Dhanlaxmi, aliuza vitu vya watoto kwenye kaunta hiyo hiyo. Kigari kilikuwa na magurudumu na pia kilikuwa cha mtoto, kwa hiyo kila mmoja alijiona ndiye mwenye neno.

Dhanlaxmi alianza na kile cha buluu chenye maua. Subhash alikishusha hadi kwenye changarawe, gurudumu la mbele likageuka ubavu na kukwama kwenye kijiwe kisichozidi punje ya mahindi. Cha pili kiliachwa na wazungu wa misheni waliorudi kwao. Kilikuwa imara kama kitanda, na kukiinua kulitaka wanaume wawili. Drusilla aliuliza bei, akakifunika tena kwa mikono yake mwenyewe.

Cha tatu hakikuwa na jina la kampuni. Subhash alikiunda kwa ajili ya mjukuu wake, Priyanka, ambaye sasa alikimbia peke yake. Kilikuwa na fremu ya vyuma, kiti cha turubai, na magurudumu matatu ya baiskeli za watoto, yenye tyubu. Dhanlaxmi alifunga ndani yake mfuko wa sukari wa kilo kumi na mbili, akakisukuma kigari hadi kwenye mtaro, akakipandisha ng'ambo. Mfuko haukutikisika.

"Breki iko?" Obadiah aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Breki ni mama," Subhash alijibu.

Dhanlaxmi alimtazama mumewe. Subhash akaenda kutafuta breki ya baiskeli, akaifunga kwenye mpini bila kuongeza neno wala bei. Bei yenyewe ilikuwa nusu ya bei ya kile cha maua.

Haja yao ilikuwa hivi. Tangu Drusilla apasuliwe wakati wa kujifungua, mgongo wake ulikataa mzigo. Obadiah naye alitembea kwa fimbo. Mamake Obadiah, Kwamboka, aliishi juu ya mlima nyuma ya Suneka, kilomita nne ambazo gari halikupanda. Macho yake yalikuwa yakiingia ukungu, na alikuwa ametuma ujumbe mara tatu: mleteni huyo mtoto ningali naona.

Jumapili, baada ya ibada, walishuka kwenye matatu pale Suneka. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha siku tisa, na udongo wa barabara ulikuwa umekuwa kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya karai. Drusilla alimfunga Nyamusi mkanda, akasukuma.

Kigari kikapanda kama kilichowekwa juu ya lami. Hakikuzama, hakikuteleza, na nyuma yake hapakuwa na alama ya tairi. Magurudumu yalitoa ule mlio mwembamba ambao tairi hutoa kwenye barabara kuu. Drusilla mwenyewe alizama hadi kwenye vifundo vya miguu. Obadiah aliacha fimbo ijitafutie njia, akashika mpini kwa mkono mmoja, na hapo mguu wake ukapata nafuu.

"Twende polepole," alisema. "Mtoto amelala."

Watu waliokuwa wakishuka na mikungu ya ndizi walisimama pembeni kuwapisha. Mmoja aliuliza kigari kimenunuliwa wapi. Mwingine alitaka kujua kama wanatengeneza pia cha ndizi.

Kwamboka alikuwa ameketi mlangoni kwake, shingo imeinuliwa.

"Nimesikia lami," alisema kabla hawajamsalimu.

"Ni kigari, mama," Obadiah alisema.

"Kigari nakiona. Nasema lami. Ni ile ya mwaka wa themanini na tisa. Wapimaji walilala hapa siku mbili, wakala jogoo wangu, wakasema kufika Krismasi itakuwa tayari. Halafu wakaja wakubwa, wakakata utepe pale chini, wakaenda. Hapa haikumwagwa hata tone, lakini kwenye karatasi zao iko. Sasa nipe mwanangu."

Alimweka Nyamusi magotini, akamtazama kwa jicho la kulia, ambalo lilikuwa na nafuu, kuanzia utosini hadi kwenye kucha za miguu. Alichukua muda mrefu. Mwishowe alisema masikio ni ya marehemu mumewe, na ukaidi wa kidevu ni wa upande wa Drusilla. Drusilla alicheka hadi akashika mshono wake.

Wakawa wanapanda kila Jumapili. Kwamboka alijifunza kupima umbali wao kwa mlio wa tairi, na chai ilikuwa ikimiminwa walipofika uani.

Jumapili moja ya Julai jirani ya Kwamboka, Ongeri, alikuja kuketi nao. Mwezi wa Aprili Ongeri na ndugu zake walikuwa wamembeba mkewe, Tryphosa, kwenye kitanda kupitia matope yale akiwa na uchungu. Tryphosa alipona. Mtoto hakufika Suneka akiwa hai. Baada ya hapo watu wa mlima waliandika barua kwa ofisi ya barabara, na sasa ofisi ilikuwa imejibu kwamba afisa atakuja kukagua, Jumapili ijayo.

"Basi sisi tutabaki nyumbani," Drusilla alisema.

"Mbona?" Ongeri aliuliza.

"Akiona kigari hiki kinavyopanda, atasema nini?"

Ongeri alimtazama Nyamusi, aliyekuwa akimlisha jogoo mkate. "Mleteni mtoto kwa nyanyake," alisema. "Kigari si ndicho kilichokula lami."

Afisa alifika na viatu safi, akasimama kwenye ukingo wenye nyasi. Ongeri aliingia katikati ya barabara, akazama hadi kwenye magoti ili aonekane. Afisa akamwambia asogee, anaziba njia. Alikuwa akimtazama Drusilla.

"Mama, hebu panda na hicho kigari. Sasa shuka. Panda tena."

Safari ya pili Drusilla aliubana mpini kwa uzito wake wote, akakisukumia kwenye dimbwi, akaomba kizame japo kidogo. Kilipita juu ya maji kikilia ule mlio wake. Nyamusi alipiga makofi.

Afisa aliandika kwamba lami ipo, iko katika hali nzuri, na wananchi wanaitumia. Alimwomba Obadiah, kwa kuwa ni mwalimu, atie sahihi kama shahidi. Obadiah alikataa. Afisa akasema si lazima, akaweka kalamu mfukoni.

Jioni hiyo Drusilla alikwenda kwa Tryphosa kuomba msamaha. Tryphosa alimpa kiti, akampa viazi vitamu, akamuuliza habari za mgongo. Walikaa mpaka wakasaidiana kumenya ndizi za chakula cha usiku, na neno la barabara halikutajwa.

Nyamusi alichelewa kutembea, kwa kuwa alikuwa na usafiri mzuri. Jumapili ya kwanza ya Oktoba, katikati ya mlima, alifungua mkanda mwenyewe na kuonyesha kwa kidole kwamba anataka kushuka. Obadiah alikaza breki. Drusilla alimshika kwapani, akamsimamisha barabarani.

Alizama hadi kwenye magoti. Kiatu kimoja kilibaki chini na hakikuonekana tena. Alitazama miguu yake, akamtazama mamake, kisha akacheka, akanyanyua mguu mmoja kwa nguvu zote na kuuweka mbele.

Walifika wakiwa wamechelewa sana, kigari wamekiacha pale pale na breki yake, na Kwamboka hakuwa amesikia chochote. Alileta karai la maji ya vuguvugu, akainama, akaanza kumwosha Nyamusi matope katikati ya vidole, kimoja kimoja, kama alivyomwosha babake, na kama watu wote wa mlima ule wanavyooshwa.