Sauti Iliyokataa Spika

Chuo kilikuwa na kamera moja, na stendi yake ilikuwa na mguu uliofungwa kwa tyubu ya baiskeli. Kibao cha kugonga kabla ya kila kipande kilikuwa kimepotea, kwa hiyo wanafunzi walipiga kofi mbele ya lenzi, kisha kwenye kompyuta wakalitafuta lile kofi ili picha ilingane na sauti. Siku ya kupiga video, kofi lilipigwa na dada mkubwa. Wimbo ulikuwa wake. Aliutunga, akaurekodi katika chumba kilichozibwa kwa magodoro. Aliyesimama mbele ya kamera akifumbua na kufumba mdomo alikuwa mdogo wake.

Dada alizaliwa na mdomo uliopasuka, ukashonwa vibaya. Kiongozi wa kikundi, kijana waliyemwita Bosi kwa sababu ya miwani yake ya jua, alisema yeye hana ubaya na mtu.

"Kamera ndiyo mbaya, dada'angu. Haina haya."

Nyumbani, mama yao hakuacha kupiga pasi. "Mwachie mdogo wako. Wewe umepewa sauti, yeye sura. Mnagombania nini?"

Dada akaomba kitu kimoja tu: jina lake liandikwe kwenye video kuwa ndiye mwimbaji. Bosi akakubali haraka mno.

Mhariri wa kikundi akafungua programu, akapanga vipande, akabonyeza. Picha ikaenda. Spika zikatoa ngoma na gitaa. Sauti ya kuimba ikatoka mdomoni mwa dada, aliyekuwa amekaa nyuma akila mkate. Mhariri akasimamisha, dada akanyamaza, akameza. Akabonyeza tena, dada akaendelea alipoishia.

"Waya huo," alisema mhariri.

Wakabadilisha waya. Wakaifuta programu na kuiweka upya. Kwenye skrini mstari wa sauti ulionekana mzima, vilima na mabonde yake. Wakamtoa dada nje hadi getini, na ubeti wa pili ukasikiwa na mlinzi peke yake.

"Mkimaliza na huyu mnirudishie chaja," alisema fundi wa vifaa.

Siku ya maonyesho ya kushindanisha video walimkalisha dada nyuma ya pazia, juu ya kreti la soda, maikrofoni mbele yake. Kwenye skrini, penye jina la mwimbaji, likatokea la mdogo wake.

"Tulikubaliana nini?" dada alimuuliza Bosi walipokuwa wakikunja nyaya.

"Watu wangeuliza maswali, bwana. Tungeharibu kazi ya wote."

Video ilishinda. Mwalimu mmoja alimpa mdogo mtu mkono na kumwambia kwamba sauti ile ilikuwa kama ya mtu aliyemo humohumo ukumbini.

Kisha ikawekwa mtandaoni. Jinsi sauti ilivyofika kwenye simu za watu hakuna aliyeuliza, maadamu ilifika. Kila ilipochezwa dada aliimba: akipiga mswaki, akiwa kwenye foleni ya benki, katikati ya usaili wa kazi. Mtu akiikatisha, naye alikatika. Wawili wakiicheza kwa kupishana, alitoa sauti mbili, moja nyuma kidogo ya nyingine. Majirani walizoea, wakawa wanamwomba apunguze.

Kampuni ya sabuni ikampigia simu mdogo wake, ikimtaka aimbe kwenye tangazo.

"Waambie ni mimi," dada alisema.

"Niwaambie nini sasa, dada? Nimeshatia sahihi."

"Usimzibie mwenzio riziki," mama alisema.

Jioni moja wakiwa mezani, dada alisukuma sahani pembeni. "Mama, leo utanisikiliza. Lile jina—"

Akaimba wimbo wote, tangu mwanzo. Mama aliweka kijiko chini, akaifunika sahani ya bintiye isipoe, akasubiri. Mdogo mtu alichezesha midomo kidogo, kwa mazoea. Wimbo ulipoisha mama akafunua sahani.

"Haya mwanangu, ulikuwa unasema?"

Dada akavuta pumzi. Mahali fulani mtu akaicheza tena.