Bibi wa Handakini

Pengo lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele. Mtu mwingine angefunua ukurasa wa kumi na saba, akatazama ngome, akatazama jeshi, akapita zake. Mchoraji aliliona akiwa bado amesimama mlangoni kwake, bahasha ya kitabu chake ameipasua nusu, na damu ikamchemka papo hapo. Kuna mtu alikuwa amemkatia ukuta wake.

Kazi yake ilikuwa kuchora vitabu vya mizingile vya watoto, vile ambavyo mtoto anaweka penseli kwenye mlango wa kuingilia na kuisukuma kona kwa kona mpaka apate njia ya kutokea. Vya kwake vilifundisha historia ya Zama za Kati. Humo mtoto aliongoza ngamia wenye mabamba ya chumvi kuvuka jangwa hadi soko la dhahabu, au alimpandisha mwanafunzi wa mwashi juu ya mnara bila kukanyaga ubao mbovu. Akifika mwisho anajua chumvi ilitoka wapi na mnara ulijengwaje, na hakuna aliyemshikia fimbo. Kitabu hiki kipya kilihusu miji iliyozingirwa na maadui, na ukurasa wa kumi na saba ndio uliomfanya akikubali.

Ukurasa huo ulieleza jambo lililotokea zaidi ya mara moja katika vita vya nyakati zile. Mji umezingirwa, ghala limebaki vumbi, na wakuu wanakaa kikao na kuamua kwamba wasioweza kushika silaha wanakula bure, watolewe. Wazee, wajane, wagonjwa, watoto. Lango linafunguliwa, wanasukumwa nje, lango linafungwa. Jeshi la nje nalo linakataa kuwapitisha, maana wakirudi kulia chini ya ukuta, mji utakata tamaa upesi. Basi wanabaki handakini, kati ya ukuta na jeshi, wakila majani mpaka majani nayo yanaisha.

Mchoraji alikuwa amemweka bibi mmoja pale langoni ili mtoto amwongoze. Kila njia iliishia pabaya: kwenye moto wa askari, kwenye mikuki, kwenye maji yaliyoganda, au pale pale langoni. Hapakuwa na njia ya kutokea hata moja. Chini kabisa aliandika kwa herufi ndogo: "Umetafuta kote? Nao walitafuta." Maneno hayo machache yalimsumbua kuliko kuchora ngome nzima.

Sasa nyuma ya hema la jemadari ukuta ulikuwa umekatwa. Bibi aliweza kupenya, akawapita askari kana kwamba anakwenda sokoni, akatokea kwenye kijiji chenye jua linalocheka. Jua lenye meno! Na maneno yake yalikuwa yamefutwa, pameandikwa: "Hongera! Umemwokoa bibi!"

"Nani kamwokoa? Lini?" mchoraji aliuliza, ingawa chumbani hapakuwa na mtu wa kumjibu. Alitupia michoro yake ya asili kwenye mkoba na kuteremka ngazi zote kutoka ghorofa ya nne akinung'unika. Jengo halikuwa na lifti, na siku hiyo hakuiona shida.

Kiwanda kilichochapa vitabu vyake kilikuwa cha familia. Marehemu baba yao alikianzisha, kaka yake akakirithi pamoja na kiti, na sasa alipenda kuitwa Mkurugenzi hata na watu waliomjua tangu akikojoa kitandani. Mitambo ilikuwa chini. Yeye, mkewe na watoto wao waliishi juu, na Mama aliishi nao.

Alimkuta kaka yake kwenye meza ya kukunjia, katikati ya wanawake wawili waliokuwa wakipanga karatasi zilizotoka mtamboni. Kitabu alichotumiwa kilikuwa nakala ya kwanza tu, iliyogundishwa kwa mkono. Karatasi zingine zote zilikuwa zimelala hapo mezani bila jalada.

"Umeipata?" kaka yake alisema, uso umemchanua. "Imetoka safi, sivyo?"

"Nani kakata ukuta wangu?"

Wale wanawake wakaacha kukunja. Kaka yake alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayejua ametiwa kidole jichoni lakini bado anataka aonekane muungwana.

"Dada, mzingile usio na njia ni wa nini? Mzazi ananunua kitabu, mtoto anahangaika siku nzima, hatoki. Watasema tumekosea kuchapa. Watavirudisha."

"Wasome maandishi ya chini!"

"Maandishi yenyewe yanatisha. Watoto watalia."

"Na walie! Wamekufa watu mia tano hapo, wewe unawachorea jua lenye meno! Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa sababu ningekuuliza ungepiga kelele hivi hivi." Aliinua mikono. "Ni kamstari kadogo tu. Wewe nawe unapenda kukuza mambo."

Hapo hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Kamstari! Tangu utotoni alikuwa akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na mtu huyu, na kila mara ilikuwa kakitu kadogo tu.

"Mama aliupima?" aliuliza.

Tangu enzi za baba yao, hakuna mzingile uliopanda mtamboni kabla Mama hajaupima. Alikuwa mwalimu wa historia hadi alipostaafu, na alipima kwa njiti ya ufagio, kwa kuwa penseli, alisema, inachafua kazi ya mtu. Aliingia kila njia, hata ile ambayo kipofu angeona imeziba, na mwishoni alitoa hukumu ya neno moja: "Inatoka," au "Haitoki." Ikiwa haitoki, unarudi kuchora.

Kaka yake alijikuna shingo. "Mama siku hizi nimempumzisha."

"Umempumzisha?" Mchoraji tayari alikuwa anaelekea kwenye ngazi za ndani. "Nitampelekea mwenyewe."

"Hayuko juu."

"Yuko wapi?"

Mmoja wa wale wanawake wa kukunja aliinamisha kichwa na kujitia hamnazo. Mwingine, mwenye gundi hadi viwikoni, alionyesha kwa kidevu mlango wa stoo ya karatasi.

Mama alikuwa humo. Kitanda chake kilikuwa kimebanwa kati ya marobota mawili ya karatasi yaliyofika karibu na dari. Dirisha lilikuwa juu mno kwa mtu kuchungulia, na harufu ya gundi ilikuwa nzito kiasi kwamba macho ya mchoraji yalianza kutoa machozi kabla hajajua kama analia. Nguo za Mama zilikuwa kwenye katoni lililoandikwa WINO MWEUSI. Mwenyewe alikuwa amekaa wima kitandani, mtandio mabegani, kama anasubiri kengele ya kipindi.

"Mama! Unafanya nini huku?"

"Naishi," Mama alisema.

Mchoraji akamgeukia kaka yake. "Umemweka mama yako stoo? Na karatasi?"

"Magoti yake hayawezi ngazi! Ndiyo, na watoto walihitaji chumba cha kusomea, wifi yako naye akaona..."

"Wifi yangu akaona! Na wewe ulikuwa umefumba macho?"

"Usinipandie kichwani!" Kaka yake naye alilipuka, na ule uungwana wote ukamtoka. "Nilikupigia simu. Nilikwambia Mama aje kwako kwa muda. Ulinijibu nini? 'Kwangu ngazi nyingi.' Sasa mimi ngazi zangu dhambi, zako halali?"

Mchoraji aliikumbuka simu ile. Kweli alijibu hivyo. Alijibu haraka, kalamu mkononi, akiwa kwenye ukurasa huu huu wa kumi na saba, akaona amelimaliza. Baada ya hapo alikuwa akimpigia Mama simu tu, na Mama akimjibu, "Nipo," naye akirudi kuchora. Kujua kwamba kaka yake amesema kweli kulimwongezea hasira maradufu, na sasa hakujua aielekeze wapi.

"Nyamazeni," Mama alisema. Hakupaza sauti. Vizazi vizima vya darasani vilinyamazishwa na sauti hiyo, nao wakanyamaza. "Mmekuja kunipigia makelele ya nini? Leteni hiyo kazi."

Mchoraji akamwekea magotini mchoro wa asili. Mama alichomoa njiti yake chini ya mto, akaiweka langoni, akaanza. Alikwenda taratibu. Aliingia kwenye moto wa askari, akarudi. Aliingia kwenye mikuki, akarudi. Alipita kando ya handaki lote hadi kwenye barafu, akarudi, akagonga lango, akazunguka upya. Nje mtambo ulikuwa umezimwa, na kilichosikika ni njiti tu ikikwaruza karatasi. Mwisho alisoma yale maandishi madogo ya chini, midomo ikimchezacheza.

"Haitoki," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Ni sawa. Hata wao hawakutoka." Akamtazama mwanawe. "Nimewasikia hapo mezani. Wewe ndiye uliyeukata ukuta?"

"Mama, ni kwa ajili ya watoto. Wataumia roho."

"Somo hili nililifundisha miaka yote. Watoto walikuwa wanalia, wanapenga kamasi, wanaanza kuuliza nani alifunga lango. Hilo swali ndilo usilolitaka?"

Mkurugenzi alikuwa anatazama lile katoni la wino.

Mama alirudia kutazama mchoro, safari hii akauleta pua na mdomo. Akaugusa kwa ncha ya njiti pale langoni.

"Bibi huyu umemchora kwa mgongo."

"Wote huwa nawachora kwa mgongo, Mama. Ili mtoto ajione ni yeye anayetembea."

"Najua. Nauliza mtandio. Huu ni wangu."

Mchoraji aliinama kutazama. Bibi wa langoni alijitanda mtandio uliofungwa fundo nyuma ya bega la kushoto. Katika dunia nzima alimjua mtu mmoja tu aliyefunga hivyo, kwa sababu bega la kulia linamuuma na mkono haupandi. Alikuwa amechora fundo lile kwa kalamu nyembamba kuliko zote, mikunjo yake yote, na hakuwahi kujiuliza amelitoa wapi.

"Sikujua, Mama. Nakuapia."

"Mkono wako ulijua." Sasa sauti ya Mama ilikuwa inatetemeka, na haikuwa kwa uzee. "Ulinichora nimetolewa nje. Ukachora huyu anayefunga lango, ukachora na wale wanaokataa kunipitisha. Ukapaka na wino. Halafu ukakaa kwako! Na mwenzako akaona akifuta mstari kwenye karatasi basi nimeokoka. Nimewazaa watu gani mimi?"

Mchoraji alitamani apigwe, angalau angejua afanye nini na mikono yake.

Mama alisimama. Alikataa mkono wa mwanawe, akakataa wa binti yake, akatoka mwenyewe hadi kwenye meza ya kukunjia. Akaomba kalamu nyeusi. Mwanamke wa gundi alimpa yake, akiwa ameifuta kwanza kwenye aproni. Mama akavuta karatasi ya juu kabisa, akatafuta hema la jemadari, akaziba lile pengo kwa mstari mmoja mfupi. Kisha akalikata jua lenye meno kwa mistari miwili mikali, na pale penye "Hongera" akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: "Umetafuta kote? Nao walitafuta."

"Zote," alimwambia mwanawe. "Kwa mkono. Moja moja. Hakitiwi jalada kitabu hapa mpaka zote zimezibwa."

"Mama, ni rundo zima..."

"Si una muda? Umenipumzisha mimi, sasa wewe fanya kazi."

Mkurugenzi aliitazama meza, akawatazama wafanyakazi wake ambao hata hawakujificha kucheka, akavuta kiti. Akakaa. Akavuta karatasi ya pili.

Mama akamgeukia binti yake. "Beba lile katoni. Twende."

"Wapi, Mama?"

"Kwako."

"Lakini Mama, kwangu ngazi..."

Neno lilimtoka lenyewe. Alilisikia likianguka mbele ya wale wanawake, mbele ya kaka yake aliyeinua kichwa mara moja, akauma midomo akiwa amechelewa. Mama alimtazama mpaka yeye ndiye aliyeangalia chini.

"Wale wa kitabuni walizibiwa na majeshi," Mama alisema. "Mimi nimezibiwa na ngazi? Beba katoni."

Walipofika kwenye jengo, Mama alishika reli kwa mkono mmoja na njiti kwa mkono mwingine. Alipanda ngazi moja, akapumua, akapanda nyingine. Jirani aliyekuwa anateremka alitaka kumshika kiwiko, akaambiwa apite zake. Kila ngazi zilipopinda Mama aliegemea ukuta, akafumba macho, magoti yakimtetemeka waziwazi, kisha akanyoosha njiti kuelekea juu.

"Hapa?"

"Bado, Mama. Juu tena."

Mchoraji alikuja nyuma, katoni la WINO MWEUSI limemkaa kifuani, akiutazama mgongo ule na fundo lile kwenye bega la kushoto, karibu kiasi kwamba angeweza kuligusa. Hakuthubutu.

Kwenye ghorofa ya nne Mama aliugusa mlango kwa ncha ya njiti. Alihema kwa muda mrefu. Alipogeuka, uso ulikuwa umelowa jasho na ndita hazijakunjuka.

"Inatoka," alisema. "Fungua."