Mkwe Juu ya Mkorosho

Cyril alipohamia ukweni, kijiji kimoja nje kidogo ya Newala, alibeba begi la nguo, redio na panga jipya. Jembe hakubeba. Mlikumbuke hilo jembe, tutalirudia.

Kuhama kwenyewe hakukuwa na ajabu. Huku kwetu mwanamume akioa ndiye anayehama, na wazee wengi unaowaona leo wakijifanya wenye kijiji waliletwa na wake zao. Lakini watani hawana dogo. Wiki ya kwanza haijaisha, vijana wa kijiwe cha bodaboda walikwisha kumpa jina: Kirukia.

Asiyejua kirukia, basi ni ule mmea unaoota juu ya mti wa wenzake. Ndege anakula tunda lake, anafuta mdomo kwenye tawi, mbegu inanata kama ulimbo na kuotea hapo hapo. Kinapenyeza mizizi ndani ya tawi, kinanyonya, kinanenepa, kinatoa maua mazuri kuliko ya mwenye mti. Hakilimi wala hakipalilii.

"Kirukia, umeamkaje?" walimpigia kelele kila asubuhi. "Mti umekupa chai?"

Cyril alicheka nao, maana ukinuna ndiyo utani unakolea. Moyoni kilimchoma. Yeye na mkewe Huruma walikuwa wanalala chumba cha pembeni katika nyumba ya mama mkwe, mwaka wa pili ulikuwa unaingia, na hawajaonyeshwa kiwanja. Alitaka kujenga kuliko alivyotaka kitu kingine chochote. Bila kiwanja hakuna nyumba, na bila nyumba angezeekea katika jina hilo.

Ukimwuliza kwa nini haombi, angekushangaa. Amwombe nani? Mama mkwe wake, Mama Yeremia, hakuwa mtu wa kusemeshwa na mkwe. Si kwa ukali, ni kwa heshima. Wote Waanglikana, wanasali kanisa moja, lakini ya kanisani ni ya kanisani na ya ukweni ni ya ukweni. Cyril akimwona njiani, anaingia kwenye mbaazi mpaka apite. Mama Yeremia naye akisikia kikohozi cha Cyril, anavuta khanga usoni na kugeukia ukuta. Salamu zilipita kwa Huruma: "Mama, Cyril anasema shikamoo." "Mwambie marahaba." Basi. Kiwanja hakiwezi kupita kwenye tundu dogo kama hilo.

Mbele ya nyumba palikuwa na mkorosho mkubwa, uliopandwa na marehemu Mzee Anderson, baba yake Huruma. Virukia vilikuwa vimeukalia mkorosho ule kama wageni wa arusi. Kila kilipoota kimoja, tawi lilivimba, na kutoka pale kwenda mbele likakauka. Msimu uliopita ulitoa korosho za kujaza kikapu tu, nao ulikuwa mti wa kujaza magunia. Cyril aliutazama kila siku, mkono ukamwasha.

"Mama hataki uguswe," Huruma alimwambia. "Kaka Yeremia aliwahi kuuliza, siku hiyo alinyimwa chakula cha mchana."

"Niulizie mimi."

"Hayo maneno sitayabeba, mume wangu. Mimi bado napenda kula."

Basi Cyril akaamua kichwani mwake, na kichwa cha mtu anayetaka kusifiwa hakikosi sababu. Nikiuokoa mti huu, alijiambia, mama ataona kazi yangu, na kiwanja kitajileta chenyewe. Alisubiri Alhamisi moja ya Januari, mvua zikiwa zimekwisha shika. Huruma alikuwa ameteremka sokoni, mama mkwe alikuwa kwenye kikao cha akina mama kanisani. Akavua kandambili zake chini ya shina, akashika panga, akapanda.

Kazi ilikwenda vizuri. Alikata kila tawi chini ya uvimbe, mizizi ya kirukia isipate pa kubaki, na matawi yakaangukia upande wa shamba. Alikuwa amekwisha fika juu kabisa, anapiga mluzi, aliposikia sauti za wanawake njiani.

Mama Yeremia alikuwa anarudi. Kikao hakikufanyika: mwenyekiti alikwenda arusini Masasi, na ufunguo wa ukumbi ukaenda naye ndani ya mkoba. Aliongozana na Bibi Ziada wa nyumba ya pili, mtani wa ukoo ule tangu enzi za mababu, mwanamke anayeruhusiwa kusema lolote mbele ya yeyote.

Cyril aliganda. Mkwe kukutana na mama mkwe uso kwa uso ni aibu. Mkwe kuwa juu ya kichwa cha mama mkwe, miguu inaning'inia, ni jambo ambalo hata jina halina. Akajibana kwenye panda la mti, akaomba wapite waingie ndani.

Hawakuingia. Mama Yeremia alitandika jamvi kivulini, akakaa ameupa mti mgongo, khanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Bibi Ziada akaleta beseni la mihogo na visu viwili. Ikaanza kumenywa mihogo, na mihogo ilikuwa mingi.

Hapo ndipo majimoto walipomgundua. Mikorosho ya huku ina majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba, na Cyril alikuwa amekalia mtaa wao. Wa kwanza alimuuma kisigino. Cyril akang'ata kola ya shati lake.

"Ziada," alisema Mama Yeremia, kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani, "unakumbuka Anderson alivyokuja kutoka Chiwata? Mlimwitaje?"

"Kirukia!" Bibi Ziada aliangua kicheko. "Na aliyeanza ni mimi."

Juu ya mti Cyril alisahau majimoto kwa muda.

"Hakununa. Alifika jioni, asubuhi akaomba jembe. Akachimba hapa hapa, mbele ya mlango wa mama yangu, akafukia korosho. Ruhusa hakuomba. Mama yangu akachungulia dirishani, akasema, huyu amebaki. Siku ile ile akakatiwa kiwanja."

"Na huyu wako wa sasa?"

"Huyu wa sasa ana heshima mpaka anachosha. Kuni anapasua, maji anateka, mimi akiniona anaingia mbaazini utadhani ameona chui. Mtoto mzuri. Lakini hajapanda hata mpapai! Mwaka mzima, Ziada. Mtu hapandi mahali anapopita. Kila siku naamka nasema, leo atanichukulia Huruma wangu, arudi naye kwao Chidya. Ndiye wa mwisho. Nitabaki na nani?"

Sauti yake ilikatika kidogo pale, na haikuwa ya kuigiza. Cyril alijisikia vibaya kuliko siku zote alizoitwa Kirukia. Alikuwa akimdhani mwanamke yule anampima, kumbe anamwogopa.

"Na haya maua yako?" Bibi Ziada alielekeza kisu juu bila kuangalia. "Yanaumaliza mti, unaona."

"Macho ninayo. Yalichanua kwa mara ya kwanza mwaka aliofariki Anderson. Nikasema, mzee ananitania, ameniletea Kirukia wake. Kila yakichanua nacheka peke yangu hapa kivulini. Ndiyo maana sitaki yaguswe."

"Mti ukifa utacheka na nini?"

Mama Yeremia alimenya muhogo mzima.

"Yatakatwa," alisema mwishowe. "Lakini ayakate mtu anayebaki. Hapa kwetu hatuanzi na panga, tunaanza na jembe."

Cyril alitamani mti ummeze. Wakati huo jimoto mmoja, aliyekuwa akitafuta mahali pazuri, akapapata kwapani.

"Yesu wangu!"

Tawi alilokuwa amelikata na bado amelishikilia likamponyoka, likashuka na maua yake yote mpaka ndani ya beseni la mihogo. Mihogo ikaruka. Bibi Ziada akainua uso, akamwona mwanamume mzima amekumbatia mti, amefumba macho.

"Mama Yeremia! Mkorosho wako umezaa mwanaume! Tena umechelewa, msimu umekwisha!"

Mama Yeremia hakugeuka. Alijifunika khanga uso mzima, mabega yakawa yanatikisika, na Cyril hakujua kama ni kilio au kitu gani.

"Mwulize anafanya nini huko," ilitoka sauti ndani ya khanga.

"Mkweo anauliza unafanya nini huko."

"Nimemsikia, Bibi. Mwambie mama shikamoo. Mwambie nisamehewe. Nilitaka kuusaidia mti."

"Anasema shikamoo, anasema..."

"Marahaba. Nimemsikia. Mwulize kwa nini hajapanda kitu kwangu."

Majimoto walikuwa wamefika mgongoni mwa Cyril, na mtu anayeumwa mgongoni hana muda wa kuremba maneno. "Mwambie sikupanda kwa sababu sikupewa mahali."

"Mwambie sikumpa mahali kwa sababu hakupanda."

Bibi Ziada alitupa kisu jamvini. "Mungu wangu! Mwaka mzima mnasubiriana, na mimi nipo nyumba ya pili sina kazi!"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Cyril naye akacheka, huku akijikuna kwa mikono yote miwili na kuubana mti kwa magoti. Kisha akakumbuka.

"Bibi, mwulize mama. Kimebaki kirukia kimoja, cha juu kabisa. Chozi, yule ndege mdogo wa mdomo mrefu, yupo ananyonya maua yake sasa hivi. Nikiache?"

Mama Yeremia aliokota lile tawi kwenye beseni, akaligeuza, akatazama pale kirukia kilipokuwa kimeng'ang'ania. Mzizi wa udongoni hakikuwa nao.

"Mwambie akate," alisema. "Lakini maua ayashushe taratibu, yasipukutike."

Cyril alikata. Alishuka kwa upande wa pili wa shina, akayaweka maua chini, akarudi nyuma hatua nyingi kama inavyotakiwa. Mama Yeremia aliyachukua bila kumtazama, akayachomeka kwenye fundo la khanga yake. Alilia kidogo, akacheka kidogo, akajipangusa.

"Ziada, jembe la Baba Yeremia liko nyuma ya mlango. Na kwenye bakuli la jikoni kuna korosho za mti huu nimeziloweka. Zinazoelea aziache, zilizozama ndizo mbegu. Mwambie kuanzia hapa kwenye mti mpaka kule kwenye mbaazi ni kwake. Apande kwanza. Tofali zitafuata."

Huruma aliporudi kutoka sokoni alimkuta mumewe amevimba sikio moja na mdomo, anachimba shimo kwa jembe la baba yake, anaimba. Aliweka kikapu chini akauliza kuna nini. Cyril alitaka kueleza, mdomo uliovimba ukamgomea, akamwonyesha tu kwa mkono: kutoka kwenye mti mpaka kwenye mbaazi. Huruma akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Hata vijana wa bodaboda walikuja kuangalia, na mmoja akaanza, "Kirukia..." akaona jembe, akamalizia, "...pole na kazi."

Bibi Ziada alipokuwa anaondoka kwenda kwake alipita pale shimoni, mkononi ameshika kandambili za Cyril.

"Mkweo amesema nikupe hizi. Aliziona tangu tukiwa njiani, hapo chini ya shina. Akanibana mkono akaniambia, Ziada, usiangalie juu, kaa nami kivulini, leo nimepata nafasi ya kusema na mkwe wangu."

Cyril alizipokea kwa mikono miwili. Alitazama upande wa nyumba. Mama Yeremia alikuwa amegeukia ukuta, kwa heshima zote, maua mekundu yakiwa kwenye khanga.

"Kwa hiyo alijua nipo juu? Na majimoto je, Bibi?"

"Nao aliwajua," alisema Bibi Ziada. "Ndiyo maana hadithi ilikuwa ndefu."